Akili, Kazi na Riziki: Mizani Tuliyoipindua

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mgawaji wa riziki na Mtoaji wa akili. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, aliyechunga kondoo kabla ya kupewa kuuchunga umma, na ziwashukie jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu Waislamu,

Usiku mmoja, baada ya darsa kwisha na watu kutawanyika, alibaki mtu mmoja katika wanafunzi wetu, mtu mzima mwenye heshima zake mtaani. Akaniambia, "Sheikh, nimeletewa posa ya binti yangu, nami nimekwama."

Nikamuuliza, "Mposaji ana dini?"

Akasema, "Jamaa ya alfajiri haimpiti."

"Na tabia yake?"

"Sijasikia neno baya juu yake."

"Ana uwezo wa kumtunza mke?"

Akacheka kidogo, akasema, "Sheikh, kwa haki, kijana yule apata zaidi yangu mimi."

"Na binti amesemaje?"

"Amenyamaza, na mamaye asema ameridhia."

Nikasema, "Basi kizuizi ni nini?"

Akainamisha kichwa, akasema, "Ni fundi wa mashua, Sheikh. Siku zote yumo katika kukalafati na kupaka deheni. Binti yangu amesoma hata chuo kikuu. Watu watasema nimemtoa mwanangu kwa mtu asiye akili, aliyeshindwa na masomo akakimbilia tezo."

Maneno hayo yalinikaa moyoni, kwani si maneno ya mtu yule peke yake. Ni maneno ya miji yetu yote ya pwani. Ndiyo maana nimeona niyaandike, asaa Mwenyezi Mungu akatunufaisha sote.

Ukiyatazama vizuri maneno yale utaona yamefungwa kwa mafundo matatu. La kwanza ni kudhani ya kuwa pato la mtu ndilo kipimo cha akili yake. La pili ni kudhani ya kuwa kazi ya mikono ni kazi ya asiye akili. Na la tatu, lililo baya kuliko yote, ni kudhani ya kuwa heshima ya mtu mbele ya watu, na hata mbele ya Mola wake, yafuata mambo mawili hayo. Natuyafungue moja moja.

Akili na pato

Haki yapasa isemwe hata ikiwa haikupendezi. Wako wanaosema kuwa akili na pato havina uhusiano wowote, na hilo si kweli. Wataalamu wa zama hizi wamelichungua jambo hili kwa miaka zaidi ya mia moja. Mwaka 1905 Mfaransa aitwaye Alfred Binet, pamoja na mwenzake Théodore Simon, walitunga mtihani wa kupimia akili za watoto mjini Paris. Kusudi lao lilikuwa kuwajua watoto wahitajio msaada zaidi darasani, na Binet mwenyewe aliwakanya wale waliotaka kudhani ya kuwa akili ya mtoto ni kitu kilichokwisha kukatwa, kisichozidi wala kupungua. Lakini watu hawakulishika onyo lake. Kipimo kilichotungwa ili mtoto asaidiwe kikageuzwa kuwa chapa ya kupigwa watu kwenye paji la uso.

Marekani ilipoingia katika vita vikuu vya kwanza, iliwapima askari wake kwa mitihani ya namna hiyo. Katika vita vya pili iliwapima tena, na mwaka 1945 matokeo yakatolewa yakiwa yamepangwa kwa kazi walizokuwa wakizifanya askari wale kabla ya kuingia jeshini. Wastani wa mahasibu ulikuwa 128, na wastani wa waendeshaji wa mikokoteni ya farasi ulikuwa karibu na 88. Mwenye haraka atasema, "Basi mambo yamekwisha, kila mtu amejulikana mahali pake." Lakini atazame tena. Miongoni mwa wenye mikokoteni wale alikuwamo aliyepata 145, na miongoni mwa mahasibu alikuwamo aliyepata 94. Wastani ni sifa ya kundi, si hukumu ya mtu. Wewe umwonapo hamali akisukuma mkokoteni wake katika vichochoro vya Mji wa Kale, Mombasa, huwezi kujua umempita nani.

Mwaka 2007 mtaalamu wa Estonia aitwaye Tarmo Strenze alizikusanya tafiti nyingi za jambo hili na kuzipima pamoja. Katika hesabu ya namna hii, 0 ni vitu viwili visivyofuatana hata kidogo, na 1 ni vitu vifuatanavyo kama mtu na kivuli chake. Aliona ya kuwa akili na masomo vyafuatana kwa kadiri ya 0.56, akili na daraja ya kazi kwa 0.43, na akili na pato kwa 0.20 tu. Angalia jinsi kamba inavyozidi kulegea kila inapoendelea mbele. Akili humsaidia mtu sana kusoma, humsaidia kiasi kuipata kazi, na ikifika kwenye pato huwa imebaki nguvu kidogo, na mengine yote yatokana na sababu nyingine: mtu amezaliwa na nani, katika mji gani, alimjua nani, alikuwa na afya gani, alikuwa na subira gani, na Mola wake alimkadiria nini.

Mwaka ule ule wa 2007 mtaalamu mwingine, Jay Zagorsky wa Marekani, aliwatazama Wamarekani 7,403. Aliona kuwa mwenye akili zaidi hupata mshahara mkubwa zaidi kidogo, lakini alipoitazama mali waliyoiweka, hakuona tofauti. Wako wenye akili kali waliozama katika madeni, na wako wenye akili ya kawaida walioweka akiba yao kwa utulivu. Basi mwenye kusema, "Mimi ni tajiri, kwa hivyo mimi ni mwerevu," amesema jambo ambalo hata hesabu za wataalamu wasioshika dini yetu haziliungi mkono.

Nasi tumekwisha kuonywa juu ya kauli hiyo zamani sana. Katika Suratul Qasas Mwenyezi Mungu ametuhadithia habari ya Qarun, aliyekuwa na hazina ambazo funguo zake tu ziliwaelemea watu wenye nguvu. Alipoambiwa amche Mungu na awafanyie watu wema, jawabu lake lilikuwa kwamba mali ile ameipata kwa elimu aliyo nayo mwenyewe. Hiyo ndiyo kauli ya leo kwa lugha ya jana. Mola wake akamdidimiza ardhini yeye na nyumba yake. Na wale waliokuwa wakitamani jana yake kuwa mahali pake ndio walioamka asubuhi wakikiri kwamba Mwenyezi Mungu humkunjulia riziki amtakaye na humdhikisha amtakaye.

Na katika Suratuz Zukhruf ametueleza ya kuwa Yeye ndiye aliyewagawia watu maisha yao, akawanyanyua wengine juu ya wengine kwa daraja ili watumikiane, kisha akaimaliza aya kwa kutukumbusha kwamba rehema yake ni bora kuliko vyote wavikusanyavyo. Maana yake ni kwamba tofauti ya kazi na mapato imewekwa ili tuhitajiane. Tajiri amhitaji fundi, na fundi amhitaji tajiri. Haikuwekwa ili mmoja amtemee mwenziwe mate.

Umasikini na akili

Liko jambo jingine ambalo wengi hatulifikiri. Sisi husema, "Fulani ni masikini kwa sababu hana akili." Je, hatuwezi kuwa tumeipanda ngazi hii kichwa chini? Mwaka 2013 ilitolewa habari ya utafiti uliofanywa kwa wakulima 464 wa miwa huko Tamil Nadu, kusini ya Bara Hindi. Wakulima wale hulipwa mara moja baada ya mavuno, kwa hivyo kabla ya mavuno huwa katika dhiki na madeni, na baada yake huwa katika faraja. Wakapimwa mara mbili, watu wale wale: kabla ya mavuno na baada yake. Walipokuwa na dhiki, mitihani ya akili iliwashinda zaidi, na walipopata faraja, wakaifanya vizuri zaidi. Akili zao hazikubadilika, bali zilikuwa zimebanwa na fikira ya deni, na ya chakula cha watoto, na ya ada.

Na hapa kwetu Kenya, katika mashamba ya Embu, watoto walipimwa mwaka 1984, na watoto wengine wa umri ule ule wakapimwa mwaka 1998. Katika miaka kumi na minne tu, hao wa pili waliwapita wa kwanza kwa kiasi kikubwa. Wataalamu walipotafuta sababu walitaja kusoma kwa wazazi, chakula bora na afya ya watoto. Damu ni ile ile na ardhi ni ile ile, ila watoto walikula na wazazi walisoma.

Basi, ewe ndugu yangu, ukimcheleweshea hamali ujira wake mpaka mwisho wa mwezi wa pili, kisha ukasema, "Watu hawa hawafikiri," jua ya kuwa huenda wewe ndiwe uliyemnyang'anya fikira yake. Mtume wetu (s.a.w.) ametuamrisha mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Na katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, Mwenyezi Mungu amesema kuwa watu watatu Yeye mwenyewe atakuwa hasimu wao Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni mtu aliyemwajiri mfanyakazi, akaitimiza kazi yake, kisha asimpe ujira wake. Nani katika sisi aweza kusimama na hasimu huyo?

Kazi ya mikono

Ama fundo la pili, la kuidharau kazi ya mikono, sijui tumelitoa wapi, kwani katika dini yetu halina mzizi. Nabii Daudi (a.s.) alikuwa mfalme, na pamoja na ufalme wake Mwenyezi Mungu alimlainishia chuma, akawa afua deraya, na Mtume wetu amemsifu kwa kuwa alikula kutokana na kazi ya mkono wake. Nabii Zakaria (a.s.) alikuwa seremala. Nabii Musa (a.s.) aliajiriwa miaka minane au kumi kuchunga wanyama. Na Mtume wetu mwenyewe aliwachungia watu wa Makka kondoo kwa ujira mdogo, na hakuona haya kuwaeleza masahaba zake.

Alipomjia mtu wa Ansari akiomba, Mtume aliviuza kwa mnada vitu viwili alivyokuwa navyo, nguo na bakuli, kwa dirhamu mbili. Moja akanunulie chakula cha ahali zake, na nyingine akanunulie shoka. Mtume akalitia mpini kwa mkono wake, akamwambia aende akakate kuni, asimwone kwa siku kumi na tano. Mtu yule alirudi na dirhamu kumi. Mtume alimpa ala ya kazi, wala hakumwona kuwa ni mpungufu wa akili.

Na maulamaa wetu je? Imamu Abu Hanifa alikuwa mfanyabiashara wa nguo. Al-Khassaf, aliyekuwa bingwa wa hukumu za wakfu, jina lake lenyewe lina maana ya mshona viatu. Az-Zajjaj, mwanachuoni mkubwa wa lugha, alikuwa fundi wa vioo, na katika pato la ufundi wake akimlipa mwalimu wake kila siku. Na sisi Mashafi tusisahau ya kuwa Al-Qaffal wa Marw, aliyekufa mwaka 417 wa Hijra, alikuwa fundi wa kufuli. Alifika umri wa miaka kama thelathini ndipo akaanza kusoma, na akawa mkuu wa wanachuoni wa madhehebu yetu katika Khurasani. Lau angalikuwa mjini kwetu, tungalimwambia, "Wewe umekwisha kupitwa, rudi kwenye kufuli zako."

Na Imamu Ghazali katika Ihya amezihesabu kazi kama ukulima, ufumaji na ushonaji kuwa ni fardhi kifaya, yaani mji ukikosa watu wa kuzifanya, wote waingia katika dhambi. Tena aliwalaumu watu wa zama zake ambao wote walikimbilia elimu moja yenye jaha, hata miji mingi ikawa haina tabibu Mwislamu. Natujiulize: miji yetu leo ina mafundi wangapi wa kuunda jahazi? Mtu asimamishaye mkuku, akapanga mataruma, na chombo kikatoka sawa pande zote mbili bila ya ramani iliyochorwa, kwa kipimo cha jicho na kumbukumbu ya mkono, twamwitaje kuwa hana akili?

Mwaka 2001 wataalamu, akiwamo Robert Sternberg wa Marekani, walitoa habari za watoto wa Usenge, karibu na ziwa Victoria. Waliwapima watoto wale katika elimu ya dawa za miti shamba, ambayo huko mtoto huitumia kila siku, kisha wakawapima katika maneno ya masomo ya skuli. Waliokuwa hodari wa dawa aghlabu hawakuwa hodari wa yale ya skuli. Basi mtihani mmoja ungaliwaita wajinga, na mtihani mwingine ungaliwaita mabingwa. Akili ina milango mingi, nasi tumesimama kwenye mlango mmoja tu, twahesabu wanaoingia.

Nami sijitoi katika lawama hii. Nilipoanza kusomesha chuoni, nilikuwa na mwanafunzi aliyekuwa mzito wa kuhifadhi. Mara nyingi nilimwita mjinga mbele ya wenzake, na siku moja akaondoka asirudi. Miaka ikapita, pampu ya maji ya msikiti ikaharibika, mafundi wawili wakashindwa. Akaletwa kijana, akaisikiliza inavyonguruma kama tabibu asikilizavyo kifua, akaifungua, na kabla ya adhana ya laasiri maji yakatoka. Alikuwa ni yule yule. Nilipotaka kumlipa alikataa, akasema, "La, maalim, huu ni msikiti." Nilitawadha kwa maji yale nami nimejawa na haya. Nimemwomba radhi, naye amenisamehe, lakini ile miaka aliyoikosa ya Kurani mimi nitaulizwa.

Mas'ala ya kufu

Huenda msomaji mwenye elimu akasema, "Sheikh, je, vitabu vyetu havikuutaja ufundi katika mambo ya kufu?" Jawabu ni kuwa vimeutaja, na si uaminifu kulificha hilo. Imamu Nawawi katika Minhaj ameuhesabu, akataja kuwa mfagiaji, mpiga chuku, mlinzi na mchunga si kufu ya binti wa mshona nguo, na kadhalika mpaka kufika kwa binti wa mwanachuoni na kadhi. Lakini yako mambo manne ya kuangaliwa.

Kwanza, mchunga ametajwa humo, hali Mitume walichunga. Hii yaonyesha ya kuwa maulamaa walikuwa wakieleza desturi za watu na kuzuia aibu kwa ada ya wakati wao, si kupanga daraja mbele ya Mwenyezi Mungu. Na desturi hubadilika kwa miji na zama.

Pili, katika kitabu hicho hicho kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa utajiri hautazamwi katika kufu. Ajabu yetu ni kuwa tumelishika lile la kazi kwa mikono miwili, na hili la mali tumelitupa!

Tatu, kufu ni haki ya binti na walii wake, wala si sharti ya kusihi ndoa. Wakiridhia, ndoa ni sahihi bila shaka. Haki ya kukataa si amri ya kukataa.

Nne, Mtume (s.a.w.) aliwaambia Bani Bayadha wamwoze Abu Hind, naye alikuwa mpiga chuku. Na amesema kuwa akitujia mtu ambaye twairidhia dini yake na tabia yake, tumwoze, na tusipofanya hivyo itakuwako fitina katika ardhi na uharibifu mkubwa. Fitina hiyo twaiona kwa macho: mabinti wameketi majumbani wakingoja mwenye ofisi, na vijana wenye kazi halali wamevunjika moyo.

Basi tufanyeje?

Mtu asidhani ya kuwa nasema watoto wasisome, wala ya kuwa mvivu aketi barazani aseme, "Riziki imekwisha kuandikwa." Kusoma ni faradhi, na riziki iliyoandikwa yaandikiwa pamoja na sababu zake. Abdurrahman bin Awf alipofika Madina hana kitu, na nduguye wa Kiansari akamtolea nusu ya mali yake, yeye alimwombea baraka kisha akauliza soko liko wapi. Ninalosema ni haya:

Mzazi, mtoto wako akiwa na mkono wa ufundi usimwone kuwa ni hasara. Mfundishe dini yake, umtafutie fundi mwema, na umwombee dua kama umwombeavyo yule aliye chuo kikuu.

Mwalimu, na mimi wa kwanza, tuuache ulimi wa kuwaita watoto wajinga. Hatujui Mwenyezi Mungu ameziweka wapi akili zao.

Tajiri, toa zaka yako kwa njia ya kumwinua mtu, kama lile shoka, na umlipe mfanyakazi wako leo. Ukiona umefanikiwa, sema alhamdulillahi, wala usiseme maneno ya Qarun.

Na wewe fundi, itengeneze kazi yako vizuri, utimize ahadi, usiwe na maneno ya kesho na kesho kutwa. Heshima ya kazi za mikono huvunjwa na wenye kudharau kutoka nje, na huvunjwa pia na fundi mwongo kutoka ndani.

Mtume wetu ametufahamisha ya kuwa Mwenyezi Mungu hatazami sura zetu wala mali zetu, bali hutazama nyoyo zetu na amali zetu. Kama hiyo ndiyo mizani atakayotupimia Yeye, tusiipindue kwa mizani yetu ya sokoni.

Yule mtu wa darsa nilimwambia haya niliyoyaandika, kwa ufupi. Akakaa kimya kitambo, akaniaga, akatoka. Posa bado iko mkononi mwake ninapoandika, na jawabu ni lake. Lakini najua wako wengi walio na posa kama hiyo mikononi mwao usiku huu, na watu watasema siku tatu, kisha watanyamaza, na binti ataishi na jawabu lile umri wake wote.

Ewe Mola wetu, tuonyeshe haki kuwa ni haki utuwezeshe kuifuata, na utuonyeshe batili kuwa ni batili utuwezeshe kuiepuka. Utupe riziki ya halali, na akili yenye kukujua, na macho yasiyomdharau mja wako yeyote. Amin.

Wabillahi tawfiq.